Fiziotherapia kwa wanawake wenye umri mkubwa wanaovuja mkojo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanawake wa umri wa miaka 60 na kuendelea, pamoja na mabinti na walezi wao, kabla ya kuanza fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Baadhi yamejibiwa kwa kirefu, kwa sababu tiba hii humtegemea sana mgonjwa mwenyewe, na ni vigumu mtu kudumu na zoezi ambalo haelewi kazi yake.

Je, kuvuja mkojo si uzee tu?

Hapana. Ni kweli kwamba tatizo huongezeka kadiri umri unavyosogea, na sababu zake zinajulikana: misuli hupungua unene na nguvu, homoni ya estrojeni hushuka baada ya hedhi kukoma na kuziacha tishu zinazouzunguka mrija wa mkojo zikiwa nyembamba na kavu, na kibofu chenyewe huanza kubeba mkojo kidogo kuliko zamani huku kikitoa taarifa kwa kuchelewa. Uzazi wa njia ya kawaida, hasa wa mara nyingi au uliokuwa mgumu, nao huacha alama zake, ambazo wakati mwingine hujitokeza baada ya miaka mingi.

Hata hivyo, jambo kuwapata wengi hakulifanyi kuwa lisilotibika. Misuli ya mwanamke wa miaka 75 au 80 bado huongezeka nguvu ikifanyishwa kazi, ile ya mapajani na hii ya ndani vilevile. Kinachosikitisha ni kwamba wengi hukaa na hali hii kwa miaka kabla ya kumwambia mtu yeyote. Huanza kuchagua nguo za rangi nyeusi, kisha hukariri vyoo vyote vya njiani, na mwishowe huacha kwenda ibadani, harusini na misibani. Ukiwa umefikia hapo, au unakaribia kufika hapo, tafadhali zungumza na mhudumu wa afya.

Mtaalamu wa tiba ya viungo anahusikaje na kibofu cha mkojo?

Chini ya fupanyonga kuna tabaka la misuli lililotandazwa kutoka mfupa wa kinena kwa mbele hadi kifandugu kwa nyuma. Tabaka hilo huitwa sakafu ya nyonga. Linabeba kibofu, kizazi na utumbo wa mwisho kama kamba za kitanda zinavyombeba mlalaji, na linazunguka njia tatu zinazopita hapo: ya mkojo, ya uzazi na ya haja kubwa. Misuli hii ikiwa na nguvu na ikijikaza kwa wakati wake, mrija wa mkojo hubaki umefungwa hata tumbo likisukuma kwa nguvu. Ikilegea au ikichelewa kujikaza, mkojo hupenya.

Kwa kuwa ni misuli tunayoweza kuiamrisha, inaweza kufundishwa, na kufundisha misuli ndiyo kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia. Tiba hii si ngeni. Daktari Arnold Kegel wa Marekani alichapisha maelezo ya mazoezi haya mwaka 1948, na ndiyo maana hadi leo wengi huyaita mazoezi ya Kegel.

Nitajuaje ninavuja kwa aina gani?

Jiulize mkojo ulikutoka wakati gani. Ukitoka unapokohoa, kupiga chafya, kucheka, kuinuka kitini au kunyanyua ndoo, bila wewe kuhisi kubanwa, huko ni kuvuja kwa mkazo, na mara nyingi chanzo chake ni udhaifu wa misuli na tishu zinazoushikilia mrija wa mkojo. Ukitoka baada ya kubanwa ghafla, kwa mfano unapofungua mlango wa nyumba au unaposikia maji ya bomba yakitiririka, tatizo liko zaidi kwenye kibofu chenyewe, ambacho hujikamua kabla hujakiruhusu. Wanawake wengi wenye umri mkubwa wana aina zote mbili kwa pamoja.

Kuna aina nyingine ambazo tiba yake ni tofauti. Kibofu kisichomaliza mkojo hujaa na kufurika kidogo kidogo mchana kutwa. Na wapo ambao kibofu chao hakina kasoro kubwa, lakini magoti yanauma, choo kiko mbali, au vifungo vya nguo vinawashinda vidole, basi hawafiki kwa wakati. Hawa wa mwisho husahaulika mno. Kwa baadhi yao, fimbo ya kutembelea, kiti chenye kimo cha kutosha na sketi ya mpira kiunoni huleta nafuu ambayo dawa haikuleta.

Siku ya kwanza hufanyika nini? Je, ni lazima nivue nguo?

Sehemu kubwa ya siku ya kwanza ni mazungumzo. Utaulizwa kuhusu uzazi wako, upasuaji uliofanyiwa, dawa unazotumia, haja kubwa, vinywaji, usingizi na namna unavyotembea. Huenda ukaombwa kujaza daftari la kibofu kwa siku 3, ukiandika saa uliyokwenda haja ndogo, kiasi cha mkojo ulichopima kwa jagi, ulichokunywa, na wakati uliovuja. Daftari hilo hufichua mengi: wapo wanaogundua kwamba wanakwenda chooni kila baada ya saa moja kwa mazoea tu, na kila safari wanatoa vijiko vichache vya mkojo.

Baada ya hapo mtaalamu anaweza kukuomba ruhusa ya kukupima ukeni kwa kidole kimoja chenye glavu na kilainishi, ili ahisi kama misuli inajikaza, kwa nguvu kiasi gani na kwa sekunde ngapi. Kipimo hiki ndicho kinachoeleza mengi zaidi, na kwa kawaida nguvu huandikwa kwa alama kuanzia 0 hadi 5. Lakini ni ombi, wala si sharti. Una haki ya kukataa, kukubali siku nyingine, kutaka mtaalamu wa kike, au kuwa na ndugu yako chumbani. Ukikataa, misuli inaweza kutazamwa kwa nje, au kwa mashine ya utrasaundi inayowekwa juu ya tumbo la chini. Mwanamke aliyewahi kuumizwa, au ambaye uke wake ni mkavu na unamuuma, aseme mapema, kwani hakuna sababu ya kuvumilia maumivu kwa ajili ya kipimo hiki.

Nitajuaje kama ninaibana misuli inayotakiwa?

Swali hili ndilo kiini cha tiba yote. Wanawake wengi wanaoamini kwamba wanafanya mazoezi haya hubana makalio, hukaza mapaja, au husukuma chini kama wanaojisaidia, na huku kusukuma chini kunaweza kuidhuru ile sakafu badala ya kuiimarisha.

Lala chali, magoti yakiwa yamekunjwa na nyayo zikiwa zimekanyaga kitanda. Vuta pumzi, iache itoke, na inapotoka jifanye unazuia upepo usikutoke nyuma. Kisha endeleza mbano huo kuelekea mbele, kana kwamba unazuia na mkojo. Unapaswa kuhisi kitu kikijikusanya na kupanda juu kwa ndani, polepole na kwa ulaini. Weka kiganja juu ya tumbo: chini ya kitovu huenda ukahisi mvuto mdogo, lakini tumbo lisitutumke wala pumzi isizibwe. Makalio yabaki mepesi kitandani. Ukiachia, uhisi misuli ikishuka. Kushuka huko kuna umuhimu sawa na kupanda, kwa kuwa msuli usioachia kabisa huchoka upesi na hauwezi kujikaza tena vizuri.

Usifanye mazoezi kwa kukatiza mkojo katikati unapokojoa. Ushauri huo bado unaenea, ila ukigeuzwa mazoea unaweza kukivuruga kibofu na kukifanya kisimalize mkojo.

Nifanye mara ngapi, na nitaona mabadiliko lini?

Miongozo ya NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, inapendekeza mibano isiyopungua 8, mara 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3 chini ya usimamizi. Muda wa kushikilia kila mbano hupangwa kulingana na uwezo wako. Mwenye misuli dhaifu huanza kwa sekunde 2 au 3, akapumzika kwa muda huohuo au zaidi, kisha akapanda taratibu hadi kufikia sekunde 10. Mibano hiyo ya polepole hufuatwa na mingine michache ya haraka, ya kukaza na kuachia mara moja, kwa kuwa kikohozi hakisubiri.

Anza ukiwa umelala, kisha umekaa, na hatimaye umesimama, kwa sababu watu wengi huvuja wakiwa wamesimama na huko ndiko misuli inakotakiwa kufanya kazi. Jifunze pia kuibana misuli mara tu kabla ya kukohoa, kupiga chafya au kuinuka kitini, na kuishikilia hadi tendo limalizike. Mbinu hii ndogo yafaa kufundishwa mapema, kwani baadhi ya wanawake huona tofauti ndani ya majuma machache, kabla misuli haijaongezeka nguvu yoyote ya maana. Mabadiliko ya misuli yenyewe huchukua muda mrefu zaidi: wengi huanza kuyaona kati ya juma la 6 na la 12.

Je, yanafaa kweli? Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2018 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yalionyesha kwamba, kati ya wanawake wanaovuja kwa mkazo, takriban asilimia 56 ya waliofanya mazoezi haya walisema wamepona, ilhali kwa wasiopewa tiba ni asilimia 6 tu.

Nilishayafanya mazoezi haya peke yangu na hayakunisaidia. Kwa nini nirudie?

Kwa sababu inawezekana hukuwahi kuyafanya. Maneno haya hayakusudii kukulaumu. Kuambiwa "bana misuli ya chini" na kupewa karatasi yenye michoro si mafunzo, na hakuna anayeweza kujiona kwa ndani. Mtaalamu atakagua kama misuli inapanda au inashuka, kama unaziba pumzi, na kama idadi uliyopewa ni kubwa kuliko uwezo wako. Wakati mwingine hugundulika kwamba tatizo ni kinyume chake, yaani misuli imekakamaa muda wote na kwanza inahitaji kufundishwa kulegea. Mwanamke wa namna hiyo akizidisha kubana, hali yake huweza kuwa mbaya zaidi na akapata maumivu.

Nikibanwa ghafla nifanye nini?

Usikimbie. Kukimbia hutikisa kibofu, huongeza hofu, na kwa mtu mwenye umri mkubwa ni hatari ya kuanguka. Simama mahali ulipo, au kaa ikiwa kuna kiti karibu. Bana misuli ya sakafu ya nyonga haraka haraka mara 5 au 6, huku ukipumua kwa utulivu. Mbano huo hupeleka ujumbe kwenye neva unaokituliza kibofu. Peleka mawazo kwingine, kwa mfano kwa kuhesabu kurudi nyuma. Hisia ya kubanwa hupanda kama kawaida yake, hufika kilele, kisha hushuka. Ikishashuka ndipo utembee kwenda chooni kwa mwendo wako wa kawaida.

Sambamba na hilo utafundishwa kurefusha nafasi kati ya safari za chooni. Ikiwa daftari limeonyesha unakwenda kila saa 1, utaongeza dakika 15, na ukishazoea utaongeza nyingine, hadi ufikie saa 3 hivi. Mazoezi haya ya kibofu yapewe majuma 6 kwa uchache kabla ya kuamua kama yamefaa. Acha pia mazoea ya kwenda chooni "kwa tahadhari" kila unapotoka nyumbani, maana yanakizoeza kibofu kudai kabla hakijajaa.

Je, nipunguze kunywa maji?

Usipunguze kiholela. Mkojo mchache huwa mkali, huchokoza kibofu, na ukosefu wa maji hufanya choo kuwa kigumu. Kujikamua kwa ajili ya choo kigumu ni mzigo mkubwa kwa sakafu ya nyonga. Kwa watu wazima wengi, takriban lita 1.5 za vinywaji kwa siku hutosha, na joto au kazi nzito huongeza mahitaji. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aliyewekewa kipimo na daktari wake afuate kipimo hicho. Kinachofaa kupunguzwa ni kahawa, chai ya rangi iliyokolea na vinywaji vingine vyenye kafeini, pamoja na pombe. Punguza kidogo kidogo, kwani kuacha kafeini ghafla huleta maumivu ya kichwa.

Ninaamka usiku mara nyingi. Mazoezi yatanisaidia?

Kwa kiasi fulani. Kuamka mara 1 ni kawaida kwa wengi wenye umri mkubwa. Ukiamka mara 3 au 4 na kila mara ukatoa mkojo mwingi, huenda chanzo si kibofu: miguu iliyovimba mchana hurudisha maji kwenye damu mtu anapolala, na figo huyatoa. Kuinua miguu saa chache kabla ya kulala husaidia, na daktari anaweza kukubadilishia saa ya kumeza dawa za kuongeza mkojo. Acha taa hafifu iwake njiani, ondoa mazulia yanayoteleza, na ikiwezekana weka chombo cha kukojolea karibu na kitanda. Mwanamke mwenye mifupa dhaifu anayetembea gizani akiwa amebanwa yumo hatarini kuvunjika nyonga, na hilo lina uzito kuliko nguo zilizolowa.

Je, mashine za umeme ni bora kuliko mazoezi?

Si bora kwa mtu anayeweza kubana misuli mwenyewe. Mkondo hafifu wa umeme unaopitishwa ukeni humsaidia zaidi yule ambaye misuli yake haitikii amri hata kidogo, ili aanze kuihisi. Upo pia umeme unaoelekezwa kwenye neva iliyo karibu na kifundo cha mguu, ambao hutuliza kibofu kinachobana ghafla. Mara nyingi hutolewa kwa dakika 30 kila juma kwa majuma 12. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo lazima aseme kabla ya mashine yoyote kuwashwa.

Vifaa vinavyoonyesha mbano kwenye skrini huwapa baadhi ya watu hamasa. Hata hivyo, utafiti mkubwa wa wanawake 600 uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2020 haukuona kwamba vifaa hivyo viliongeza faida juu ya mazoezi yaliyosimamiwa vizuri. Usiuze kitu chako ili ununue mashine.

Naona aibu kufanya mazoezi na wenzangu. Je, vikundi vinafaa?

Vinafaa sana. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2020 ulihusisha wanawake 362 wa miaka 60 na zaidi, na baada ya mwaka mmoja waliofundishwa kwa kikundi na waliofundishwa mmoja mmoja walipungukiwa na kuvuja kwa kiasi kinachokaribiana, takriban asilimia 70. Kila mwanamke alikuwa amefundishwa kwanza peke yake namna ya kubana, na kwa maoni yangu sharti hilo lisirukwe. Aibu yenyewe hupungua mtu anapowakuta wengine wanaoishi na siri ileile.

Uzito, kisukari na dawa ninazomeza vina uhusiano wowote?

Ndiyo. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, wanawake wenye uzito mkubwa waliofuata mpango wa chakula na mazoezi walipungua wastani wa asilimia 8 ya uzito wao, na mara walizovuja kwa juma zikapungua kwa asilimia 47. Sukari iliyopanda huongeza mkojo. Baadhi ya dawa za presha huleta kikohozi kikavu, na nyingine hulegeza shingo ya kibofu. Usiache dawa kwa uamuzi wako. Mweleze daktari, naye anaweza kukubadilishia.

Mama yangu ana miaka 84 na ameanza kusahau. Ataweza?

Mazoezi yanayotaka kumbukumbu huenda yakamshinda, lakini tiba bado ipo. Mkumbushe kwenda chooni kila baada ya saa 2 au 3, umuulize kwa upole kama amebanwa, na umpongeze akifanikiwa. Mvalishe nguo rahisi kuvua. Mtaalamu atamfanyisha mazoezi ya kuinuka kitini na kutembea, ili miguu imfikishe. Usimkaripie akilowa, na usimzoeshe nepi mapema kwa sababu tu zinakurahisishia kazi.

Na wewe unayemtunza, uliza namna ya kulinda ngozi yake: isafishwe kwa upole, ikaushwe kwa kugusiza taulo badala ya kusugua, kisha ipakwe mafuta mazito ya kuzuia unyevu. Pedi za hedhi hazikutengenezwa kwa ajili ya mkojo na huiacha ngozi ikiwa imelowa, kwa hiyo tafuta zilizokusudiwa kazi hiyo.

Ni dalili zipi zinataka daktari kwanza?

Damu kwenye mkojo, hata mara moja na hata bila maumivu. Homa au mkojo unaochoma. Kushindwa kabisa kukojoa. Uvimbe tumboni. Damu ukeni baada ya hedhi kukoma. Mkojo unaochuruzika muda wote, usiku na mchana, hasa baada ya upasuaji au uzazi, kwa sababu huenda pana tundu kati ya kibofu na uke ambalo mazoezi hayawezi kuliziba. Na ikiwa kuvuja kumeanza ghafla pamoja na miguu kukosa nguvu au ganzi sehemu za siri, nenda hospitali siku hiyohiyo. Neva za uti wa mgongo zinaweza kuwa zimebanwa.

Kizazi changu kimeshuka. Nifanye mazoezi au upasuaji?

Kizazi kikiwa kimeshuka kidogo, mazoezi hupunguza ule uzito na hisia ya kitu kinachotoka. Kikiwa kimefika nje, pete ya kukishikilia ukeni huweza kutumika pamoja na mazoezi, na upasuaji hujadiliwa na daktari wa wanawake. Daktari huyo anaweza pia kuandika krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, ambayo husaidia ukavu na kubanwa ghafla.

Na miezi 3 ikipita bila nafuu?

Rudi ukaguliwe upya kabla ya kukata tamaa. Kuna dawa za kutuliza kibofu, ingawa baadhi yake huweza kuwachanganya akili wazee na zinahitaji uangalifu. Kuna sindano za ndani ya kibofu, na kuna upasuaji wa kuushikilia mrija. Ukipata nafuu, usiache mazoezi kabisa, maana nguvu iliyopatikana hupotea misuli isipotumika. Panga na mtaalamu wako ratiba nyepesi ya kuendelea nayo.

Nije na nini siku ya kwanza?

Njoo na dawa zako zote, hata za mitishamba, zikiwa katika vifungashio vyake, daftari la kibofu ikiwa ulipewa, miwani yako, na nguo ya ndani ya akiba. Usijizuie kunywa maji njiani ukiogopa kulowa, na usiache kuja kwa sababu umeamka ukiwa unavuja kuliko siku nyingine.